Bwana ametupa nini? Mkazo, mofimu na maana katika nyimbo mpya za Misa: mfano wa korali moja ya Kamanyola

Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Wakati wa likizo kubwa nilirudi nyumbani Kamanyola, nikajiunga tena na korali niliyoiimbia tangu utotoni. Maestro wetu, akijua kwamba ninasoma lugha, aliniomba nitunge wimbo mfupi wa Komunyo kwa Kiswahili. Nilitunga mistari miwili ya kiitikio, nikaipatia sauti nne, tukaifanyia mazoezi wiki mbili. Kiitikio kilikuwa hiki:

Bwana ametupa mkate
kwa mikono yake mwenyewe.

Dominika ile tuliimba vizuri. Sauti hazikuyumba, na besi zilishika nafasi yao. Baada ya Misa, mama mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele aliniita pembeni. Alikuwa amerudi kijijini miezi michache tu baada ya kukimbia vita, na shamba lake alilikuta limegeuka pori. Akaniuliza kwa upole: “Mutoto wangu, muliimba kama Bwana ametupa mukate. Aliutupa wapi? Na sisi tuko na njaa?”

Nilicheka kwanza, kisha nikaona aibu. Mimi nilikusudia kusema kwamba Bwana alitupa sisi mkate, yaani alitugawia. Yeye alisikia kwamba Bwana aliutupa mkate kama mtu anavyotupa takataka. Mbaya zaidi, nilipoichunguza sentensi yangu kwa sarufi tunayofundishwa hapa kitivoni, niliona kwamba alichokisikia ni sahihi kabisa. Tangu siku ile nimejiuliza: mtunzi wa nyimbo za Misa kwa Kiswahili anatakiwa kujua nini kuhusu lugha yenyewe, kabla ya kugusa kinanda? Katika makala haya nitajaribu kujibu kwa hatua nne: historia fupi, suala la mkazo, suala la mofimu, na suala la Kiswahili cha kwetu. Mwishoni nitaonyesha jinsi tulivyorekebisha wimbo wangu.

1. Tumefikaje hapa

Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, sehemu za Misa ziliimbwa kwa Kilatini, na lugha za watu zilibaki kwenye nyimbo za ibada na za maandamano. Katika Kongo kulikuwa na majaribio mapema. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin, walitoa Missa Luba iliyokuja kujulikana dunia nzima. Miziki yake ilitoka kwa watu wa Kongo, lakini maneno yake yalibaki ya Kilatini. Tukumbuke jambo hilo: muziki ulikuwa umeruhusiwa kuwa wa kwetu kabla ya lugha.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulitoa hati ya liturujia, Sacrosanctum Concilium. Hati hiyo ilifungua mlango kwa lugha za watu, ikataka muziki wa mataifa upewe heshima yake, na ikawaagiza watunzi wachote maneno yao hasa katika Maandiko Matakatifu na katika liturujia. Mwaka huohuo padri Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea kwamba muziki wetu unaweza kuingia kanisani bila kuvunja sheria. Mwaka 1967 ilifuata hati ya Musicam sacram. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha hati hii ina neno la pekee: inataka wanaotafsiri maneno ya kuimbwa waheshimu tabia na kanuni za kila lugha. Kwa maneno mengine, Kanisa lenyewe limekubali kwamba sarufi ni sehemu ya kazi ya mtunzi.

Halafu mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, ambayo watu wengi huiita Misa ya Kizaire. Humo kuna kuwaita watakatifu na wahenga mwanzoni, na ibada ya toba haiji mwanzoni bali baada ya mahubiri. Hilo lina maana kwa maestro: anayechukua Misa kamili iliyotungwa Tanzania hawezi kuifuata kwa mpangilio wake wakati Misa inapoadhimishwa kwa utaratibu wa kwetu. Wimbo wa “utuhurumie” unahama, na wimbo unaohama hukutana na watu walio katika hali nyingine ya moyo.

Leo sehemu kubwa ya nyimbo mpya za Kiswahili tunazoimba huku bonde la Ruzizi hutoka Tanzania. Majina ya John Mgandu, Joseph Makoye, Bernard Mukasa, Felician Nyundo na Stanslaus Mujwahuki yanajulikana na wanakorali ambao hawajawahi kuvuka Ziwa Tanganyika. Karatasi za nota hufika kwa simu. Anayejua kusoma nota huwafundisha wenzake, na wengine hushika kwa sikio. Utajiri huo ni mkubwa, na makala haya hayakusudii kuukosoa. Nataka tu kuuliza nini hutokea maneno yanapopanda juu ya nota.

2. Mkazo: silabi ya pili kutoka mwisho

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kanuni: katika Kiswahili mkazo huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema BAba, taZAma, nyuMBAni. Maneno yanayokwepa kanuni hii ni machache. Mfano wa darasani ni baraBAra, yaani njia kubwa, na baRAbara, yaani sawasawa.

Kwa kuwa mkazo haubadilishi maana mara nyingi, watunzi wengi hudhani hauna kazi. Kwa maoni yangu una kazi kubwa: humwonyesha msikilizaji mahali neno linapoishia. Sikio la Mswahili likisikia silabi nzito, hungoja silabi moja nyepesi, kisha hufunga neno. Muziki ukiweka pigo zito mahali pengine, sikio hukata maneno vibaya.

Hapo ndipo nyimbo za zamani zilizotafsiriwa kutoka Kifaransa zilipata shida. Katika Kifaransa uzito huja mwishoni mwa kundi la maneno, kwa hiyo tuni nyingi za Kifaransa hukomea kwenye nota ndefu na nzito. Kiswahili karibu kila mara humalizia kwa silabi nyepesi. Ukiliweka neno “Baba” kwenye mwisho wa tuni kama hiyo, utaimba baBA. “Mungu” litakuwa muNGU. Wazee wetu hawasumbuliwi na nyimbo hizo kwa sababu wamezijua tangu ubatizo wao. Maana wameipata kwa kukariri. Wimbo mpya hauna bahati hiyo. Unasikika mara moja, na ukipita bila kueleweka umepita.

Kuna mtego wa pili, nao ni beti. Mtunzi hupanga muziki kwa ubeti wa kwanza, kisha huandika beti nyingine kwa kuhesabu silabi peke yake, kama tunavyohesabu mizani katika shairi. Chukua mifano hii niliyoitunga, kila mmoja una silabi tano: “Baba twakuja” na “Tazama watu”. Mizani ni sawa, lakini wa kwanza una mkazo kwenye silabi ya kwanza na ya nne, wa pili kwenye ya pili na ya nne. Nota nzito iliyombeba BA vizuri sasa inatulazimisha kuimba TAzama. Katika shairi linalosomwa, hesabu ya mizani inatosha. Katika wimbo, tunahitaji hesabu mbili: ya silabi na ya mikazo.

Kuna upande wa faida pia. Tuni za zaburi za Kigregori hupangwa kwa kuhesabu nyuma kutoka mkazo wa mwisho wa mstari. Kilatini kina maneno yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na mengine kwenye ya tatu, ndiyo maana tuni hizo hulazimika kuweka nota ya ziada kwa baadhi ya mistari. Kiswahili karibu hakihitaji nota hiyo. Mwisho wa kila mstari una umbo moja: silabi nzito, silabi nyepesi. Mtunzi anayetaka zaburi ya kuitikizana ambayo watu wote wataishika haraka, ana lugha inayomsaidia kuliko Kilatini chenyewe.

Tukijilinganisha na majirani, tunaona pia mzigo ambao Kiswahili kimetuondolea. Hapa Kamanyola, kati ya Bukavu na Uvira, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, mtu husikia Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda na Kirundi siku moja ya soko. Lugha hizo zina toni. Katika Kinyarwanda neno umuryango laweza kuwa familia au mlango, kutegemea toni. Mtunzi wa lugha hizo akipandisha sauti mahali pa kushusha, anaweza kubadilisha neno. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Melodia yake yaweza kupanda na kushuka bila hofu, mradi uzito uangukie mahali pake.

3. Mofimu: pale nota zinaposhindwa

Hata hivyo kosa langu halikuwa la mkazo. Neno “ametupa” lina mkazo uleule, a-me-TU-pa, kwa maana zote mbili. Shida iko ndani ya neno. Tukiligawa kwa njia moja tunapata a-me-tu-pa: nafsi, wakati, kiambishi cha mtendwa “sisi”, na mzizi wa kitenzi kupa. Tukiligawa kwa njia nyingine tunapata a-me-tupa: nafsi, wakati, na kitenzi kutupa. Kiambishi -tu- kimefanana na silabi ya kwanza ya mzizi.

Nilianza kutafuta maneno mengine ya aina hii, nikashtuka kuona jinsi yanavyozunguka palepale ambapo watunzi wa nyimbo za dini hupenda kukaa, kwa kuwa Kanisa husali kwa “sisi”:

Ametulia: ametulizana, hana wasiwasi; au amekula kwa ajili yetu.
Ametuliza: amepoza, amefariji; au ametufanya tulie machozi.
Ametukuza: ametoa sifa na utukufu; au ametulea hadi tukakua.
Ametukana: ametoa matusi, au amekataa kwamba anatujua.

Mtu anayeandika “Bwana ametuliza” akimaanisha faraja, anaweza kusikika na mjane kwamba Bwana ndiye aliyemliza. Katika maandishi, msomaji hurudi nyuma, huangalia neno linalofuata, huchagua maana. Katika wimbo hana nafasi hiyo. Na muziki unaweza kuongeza hatari. Katika wimbo wangu niliweka pumziko zuri baada ya “ametupa”, ili altos waingie peke yao. Kwa muda wa mapigo mawili kanisa zima lilibaki na sentensi kamili: Bwana ametupa. Hapo yule mama hakuwa na sababu ya kungoja mkate. Kitenzi kupa hudai mtendwa wa pili. Kutupa kinaweza kutosheka mapema. Pumziko langu lilichagua maana isiyo yangu.

Kutokana na hilo napendekeza kanuni ndogo: mtunzi asiweke pumziko wala nota ndefu ya kufungia mstari mara baada ya kitenzi ambacho bado kinadai kijalizo. Na pale kitenzi kinapokuwa na maana mbili, asitegemee melodia. Abadilishe umbo la kitenzi. Badala ya “ametuliza”, kuna ametufariji. Badala ya “ametupa”, kuna ametupatia.

4. Kiswahili cha kwetu na Kiswahili cha karatasi

Jibu hilo la mwisho, ametupatia, lina maelezo ya ziada. Katika mazungumzo ya Kivu, mtu anayekugawia kitu mara nyingi “anakupatia”. Yule mama hakukosa Kiswahili; alikuwa na Kiswahili ambacho kazi ya kugawa tayari ina kitenzi chake kilicho wazi. Mimi niliandika Kiswahili cha vitabu, yeye akakisikia kwa sikio la nyumbani.

Wanafunzi wenzangu wanajua tofauti zinazotajwa kila tunapozungumzia Kiswahili cha Kongo: batu badala ya watu, kiambishi -ak- cha mazoea, upatanisho wa ngeli uliopunguzwa. Kwa mwimbaji, tofauti inayoonekana kwanza ni ndogo zaidi, nayo ni herufi m. Katika Kiswahili sanifu, m ya “mtu” ni silabi kamili na ndiyo inayobeba mkazo: M-tu. Mtunzi wa Dar es Salaam huipatia nota yake. Kuimba m juu ya nota ndefu ni kufunga mdomo wakati maestro anadai ufunguliwe. Waimbaji wetu hawafungi. Huimba mu-tu, mu-ka-te, mu-ta-ka-ti-fu. Vivyo hivyo “nchi” huwa i-nchi. Idadi ya silabi haibadiliki, mkazo haubadiliki, na sauti hutoka vizuri zaidi.

Niliwahi kumsikia kijana aliyesoma akiwakemea mama wa soprano kwa sababu ya mu-ka-te hiyo. Wakati ule nilikubaliana naye. Leo ningemjibu kwamba matamshi hayo hayavunji chochote katika muziki, na kwamba hata mtu wa Zanzibar angeelewa. Kuna mambo ambayo korali inapaswa kuyaheshimu: maneno ya liturujia yaliyoidhinishwa, na maneno ambayo mtunzi ameyachagua. Lakini kuifungua m si kubadilisha maneno ya mtunzi. Ni kuyatamka kwa mdomo wa Kamanyola.

Je, basi nyimbo za Misa ziandikwe kwa Kiswahili cha mtaani? Maestro wetu hakubali, nami nakubaliana naye kwa sehemu. Kiswahili sanifu ndicho kinachotuwezesha kuimba wimbo mmoja na watu wa Kigoma, Nairobi na Lubumbashi. Mkimbizi wa bonde hili anayefika Tanzania hukuta anaweza kuimba tangu Dominika ya kwanza, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyeacha kila kitu. Ninachopendekeza ni njia ya kati: tuandike sanifu, lakini kati ya maumbo mawili sanifu tuchague lile ambalo msikilizaji wa hapa halitamchanganya. “Ametupatia” ni sanifu tupu. Hatukupoteza chochote kwa kulichagua.

5. Marekebisho

Nilirudi kwa maestro nikiwa na karatasi na kalamu ya risasi. Hakutaka tubadilishe muziki, kwa sababu korali ilikuwa imeushika. Kwa hiyo ilibidi maneno mapya yaingie ndani ya nota zilezile: silabi tisa kwa kila mstari, pumziko baada ya silabi ya sita katika mstari wa kwanza, na uzito kwenye nota ya tano na ya nane. Hili ndilo tulilolipata:

Ametupatia mkate
Bwana, kwa mikono miwili.

Naomba msomaji ahesabu nasi. Mstari wa zamani, Bwana ametupa mkate, ulikuwa na silabi tisa, mikazo kwenye ya kwanza, ya tano na ya nane: BWA, TU, KA. Mstari mpya una silabi tisa, mikazo kwenye ya tano na ya nane: TI, KA. Pumziko linaangukia baada ya “ametupatia”, na hata kanisa likibaki hapo mapigo mawili, kinachosikika ni kwamba kuna mtu ametupatia kitu, nasi tunangoja kujua ni nini na ni nani. Jina la Bwana limehamia mstari wa pili, penye jibu.

Mstari wa pili ulifaidika zaidi. “Kwa mikono yake mwenyewe” ulikuwa na mikazo kwenye silabi ya tatu, ya tano na ya nane, na nota ya kwanza nzito ilibebwa na “kwa”, neno lisilostahili uzito wowote. “Bwana, kwa mikono miwili” una mikazo kwenye ya kwanza, ya tano na ya nane: BWA, KO, WI. Sasa nota ya kwanza inabeba jina. Tena mikono miwili ni lugha ambayo kila mtu huku anaielewa bila kufundishwa: anayekuheshimu hakupi kitu kwa mkono mmoja. Wazo hilo halikuwa langu. Lilitoka kwa yule mama, nilipomsomea maneno mapya kabla ya mazoezi na kumuuliza yanakosa nini.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, mkazo wa Kiswahili humsaidia msikilizaji kukata maneno, na mtunzi anayeupuuza huyavuruga hata kama hesabu ya mizani iko sawa. Pili, kuna vitenzi ambavyo muziki hauwezi kuviokoa, hasa pale kiambishi -tu- kinapofanana na mzizi. Hapo dawa ni sarufi. Tatu, Kiswahili cha waumini wa hapa kinaweza kumwelekeza mtunzi kwenye umbo sanifu lililo wazi zaidi.

Kwa wenzangu wa kitivo, naona hapa kuna kazi. Korali zetu zimejaa vijana wanaojua muziki na hawana mtu wa kuwasomea maneno yao kabla hayajaimbwa. Sisi tunafundishwa mofolojia na fonolojia, kisha Dominika tunakaa benchini kama watu wasiojua. Mtunzi akikuletea karatasi yake, msomee maneno bila muziki, kisha umsomee mtu ambaye hajaiona karatasi, na umuulize amesikia nini.

Tuliimba wimbo uliorekebishwa Dominika mbili baadaye. Yule mama alikuwa benchi lilelile. Kwenye kiitikio cha tatu alikuwa anaimba nasi, mu-ka-te yake ikiwa wazi kabisa, na mikono yake miwili ameikunjua mbele.